Sandali ya Kweli na Sandali ya Jina



Wapenzi wasomaji, mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo baadhi yenu pengine mtaliona dogo mno kwa ukurasa huu, nalo ni harufu ya sandali katika sabuni na krimu za kunyolea. Lakini dini yetu haikuacha jambo la mwili wa mwanadamu bila ya kulitolea mwongozo. Katika mambo ya fitra aliyotufundisha Bwana Mtume (s.a.w.) yamo kupunguza masharubu, kukata kucha, kunyonyoa nywele za kwapa na kunyoa za sehemu za siri, na Anas bin Malik (r.a.) amepokea kwamba mambo hayo yasiachwe kupita siku 40. Manukato nayo Mtume aliyapenda, akatuhimiza kuyatumia tuendapo katika sala ya Ijumaa. Basi wembe na manukato vyote viwili vimo katika nyumba ya Mwislamu, na vinapokutana katika kikopo kimoja, yafaa tujue tumenunua nini.

Hatukusudii leo kuingia katika masala ya ndevu. Mwenye kuzifuga amefuata sunna, na hata yeye wembe humfikia shingoni, juu ya mashavu, au kichwani anaponyoa nywele zote. Maneno yetu ni juu ya kile kinachopakwa kabla ya wembe kupita.

Na twaanzia Kharumwa, makao makuu ya wilaya ya Nyang'hwale katika mkoa wa Geita, kwa sababu watu wa nchi ile ya wachimbaji wanayo elimu moja itakayotufaa. Huko mtu hanunui dhahabu kwa kung'aa kwake. Huiweka kwenye mizani, huipima usafi wake, kisha ndipo bei hutajwa. Wahenga walikwisha sema kwamba vyote ving'aavyo tusidhani ni dhahabu, nao wachimbaji wameijua methali hiyo kwa hasara na faida za mikono yao. Walakini mtu yule yule, akitoka kuuza dhahabu yake akaingia dukani kutafuta krimu ya kunyolea, husoma neno "Sandalwood" juu ya kifuko, huona picha ya kigogo cha mti, akatoa fedha yake bila ya swali hata moja. Je, kwa nini dhahabu ipimwe na sandali isipimwe?

Jambo la kwanza kulijua ni kwamba chini ya jina hili moja vimejificha vitu vitatu vilivyo mbalimbali.

Kitu cha kwanza ni msandali wenyewe, ambao wataalamu wa mimea huuita Santalum album. Huu ni mti wa kusini mwa Bara Hindi na wa visiwa vya mashariki hadi Timor. Watu wa pwani yetu waliujua tangu zamani za majahazi. Jina lake limetufikia kwa Kiarabu, nacho Kiarabu kililipokea kutoka lugha za Bara Hindi. Unguja na Mombasa sandali husagwa ikaingia katika singo ya bibi harusi, na katika visiwa vya Ngazija wanawake huisugua juu ya jiwe kwa maji, wakajipaka usoni kile wakiitacho msindanu.

Mti huu una tabia ya ajabu: mizizi yake hushika mizizi ya miti jirani, ikachukua huko sehemu ya chakula chake. Harufu yake haimo katika majani wala katika gome, bali katika moyo wa gogo na katika mizizi, nayo hukusanyika polepole kwa miaka mingi. Kwa hiyo mafuta yake yamekuwa ghali siku zote. Tipu Sultan, mtawala Mwislamu wa Mysore, aliutangaza mwaka 1792 kuwa ni mti wa ufalme. Vita Kuu ya kwanza ilipozuia magogo yasisafirishwe kwenda Ulaya, serikali ya Mysore ilianzisha mwaka 1916 kiwanda chake cha kutoa mafuta hayo, na kutokana nayo ikazaliwa sabuni ya sandali ya Mysore ambayo hata leo yauzwa. Mafuta haya yana kipimo chake kama dhahabu ilivyo na chake. Kanuni ya kimataifa ISO 3518 ya mwaka 2002 yataka kwamba kile kiini chake kiitwacho santaloli, namna ya alfa, kiwe baina ya asilimia 41 na 55, na namna ya beta baina ya asilimia 16 na 24.

Kitu cha pili ni mti wetu wa Afrika Mashariki, Osyris lanceolata, ambao nao huitwa msandali. Ni wa ukoo mmoja na ule wa Bara Hindi, huota katika miinuko mikavu na vilima vya mawe, na harufu ya mti wake hukaribiana na ile, lakini si ile ile, kwa maana santaloli yake kwa kawaida ni pungufu. Habari za mti huu ni za kusikitisha. Kwa kuwa mafuta mengi yamo mizizini, wachukuaji hawaukati bali huung'oa mzima, na shina halipati nafasi ya kuchipua tena. Tena mti huu una dume na jike mbalimbali, na jike ndilo litafutwalo zaidi. Basi likiisha jike, mbegu itatoka wapi? Serikali ya Kenya iliupiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007. Mwaka 2013, katika mkutano uliofanyika Bangkok, mti huu wa Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Ethiopia uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, ambao husimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Maana yake ni kwamba hauvushwi mpaka kwenda nchi za nje bila ya kibali.

Kitu cha tatu si mti wa sandali kabisa, bali ni harufu iliyotengenezwa na wataalamu wa kemia. Viwanda vya manukato, kama Givaudan cha Uswisi, vimevumbua viini vinavyonukia kama sandali, na baadhi yake hutengenezwa kwa kuanzia na tapentaini, yaani mafuta ya msonobari. Majina yake ni kama Sandalore na Javanol. Viini hivi vina nguvu sana, hata kidogo chake huweza kunukisha kitu kingi, na bei yake si kama ya mafuta ya mti. Hapana shaka kwamba krimu nyingi zenye jina la sandali na bei ya kawaida hupata harufu yake kwa njia hii.

Basi tuseme wazi maoni yetu, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokosana. Wako wasemao kwamba harufu ya kiwandani ni ya uongo, na mwenye kuijua sandali asiiguse. Sisi hatusemi hivyo. Harufu iliyotengenezwa kwa akili ya mwanadamu, ikiwa haidhuru mwili, ni neema kama neema nyingine, na kila tone lake ni mti mmoja uliobaki umesimama. Aibu haimo katika kutengeneza. Aibu imo katika kukipa kitu jina lisilo lake na kukitoza bei ya jina hilo. Twakumbuka kwamba Bwana Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake katika chungu la nafaka, vidole vyake vikakuta maji. Mwenye nafaka akasema kwamba mvua iliinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu, watu wapate kuiona, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Picha ya kigogo juu ya kifuko ni ile nafaka kavu ya juu. Na mnunuzi mwenye busara hutia mkono ndani.

Mkono wenyewe utatiwaje? Kwanza, kwa kusoma. Nyuma ya kifuko yameandikwa vitu vilivyomo, na kwa kawaida hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, ila vile visivyofika asilimia moja huweza kupangwa vyovyote. Ukiliona neno "Santalum Album Oil", mtengenezaji amekiri kwamba mafuta ya mti yamo, hata kama ni machache. Ukiona "Parfum" au "Fragrance" peke yake, hakuahidi kitu; huenda ni viini vya kiwandani, huenda ni mchanganyiko. Kwa hiyo usilipe bei ya ahadi ambayo haikutolewa.

Pili, kwa kunusa kwa taratibu. Mwenye kutaka kulinganisha na awe kwanza na kipimo. Na anunue kipande kidogo cha sandali kwa muuza manukato anayemwamini, akisugue juu ya jiwe kwa maji safi, na harufu hiyo aiweke akilini. Kisha apake krimu kidogo nyuma ya mkono, ainuse mara tatu: inapotoka katika kifuko, inapokuwa povu la maji ya moto, na nusu saa baada ya kusuuza. Asilinganishe zaidi ya tatu kwa kikao kimoja, kwani pua huchoka na kuanza kusema uongo.

Atakachokiona ni hiki. Harufu nyepesi, kama za ndimu na lavenda, huruka mara tu maji ya moto yanapozigusa. Santaloli ni nzito. Haichemki mpaka joto lifike takriban nyuzi 300, kwa hiyo huondoka polepole. Sandali ya kweli haipigi kelele. Ni laini, ina utamu kidogo kama wa maziwa, huanza chini na hukaa. Ile ya kiwandani mara nyingi hutangulia kwa ukali na uwazi zaidi, nayo pia huweza kudumu. Kwa hiyo kudumu peke yake si ushahidi. Ushahidi ni ulaini wake ukilinganishwa na kile kipande chako cha mti.

Vijana wanaosafiri hutuuliza juu ya zile za Ulaya. Nyumba ya Taylor of Old Bond Street ya London, iliyoanzishwa mwaka 1854, ina krimu iitwayo Sandalwood. Lakini wenyewe huieleza kuwa ni mchanganyiko, ndani yake mkiwa na lavenda, jeraniamu na pacholi, na sandali ikiwa miongoni mwa zile za chini. Hiyo ni harufu ya kinyozi wa Kiingereza kuliko ya singo ya bibi harusi wa Unguja, na mwenye kuitazamia singo atashangaa. Proraso ya Italia, katika chombo chake chekundu, imeunganisha sandali na siagi ya mti wa shea kwa ajili ya ndevu ngumu. Hapo mafuta hayo ya shea yana faida kwa ngozi kavu hata kama pua haikuridhika. Sabuni ya Mysore si ya kunyolea bali ni ya kuogea, lakini hutangazwa kuwa ina mafuta halisi ya sandali, na kwa bei yake ndogo yaweza kuwa mwalimu wa pua kwa asiyepata kipande cha mti.

Hata hivyo, wapenzi wasomaji, baada ya kulinganisha kote huko, lazima tukumbuke kazi ya krimu. Krimu hukaa usoni dakika chache kisha huoshwa, na sehemu kubwa ya harufu huondoka na maji ya karai. Kazi yake ni kulainisha unywele na kuuacha wembe uteleze. Watu wenye nywele za kujikunja, nao ndio wengi wetu, husumbuliwa na vipele vya ndevu: unywele uliokatwa karibu mno hujikunja na kurudi ndani ya ngozi, pakavimba. Dawa ya jambo hili haimo katika manukato. Imo katika kulowesha ndevu kwa maji ya moto dakika mbili au tatu, kunyoa kwa kufuata uelekeo wa nywele, kutokandamiza wembe, na kutorudia mahali pamoja mara nyingi. Na harufu kali, iwe ya kiwandani au ya mti wa asili, huweza kuiwasha ngozi iliyokwishakwaruzwa. Mwenye vipele na achague krimu isiyo na harufu kabisa, kisha kama atapenda sandali, atie tone katika nguo yake. Atapata harufu zaidi kwa fedha kidogo zaidi.

Tena manukato hayasafishi wembe. Twasema haya hasa kwa vijana wa machimboni, ambako wembe mmoja huweza kupita nyuso za watu kadha kwa sababu duka liko mbali. Virusi vya homa ya ini ya namna ya B huweza kuishi nje ya mwili siku 7 au zaidi, na damu isiyoonekana kwa macho yatosha kuvipeleka kwa mtu mwingine. Na Ukimwi nao wajulikana. Povu zuri lenye kunukia huweza kumfanya mtu adhani kwamba kila kitu ni safi. Kila mtu na awe na wembe wake, na kwa kinyozi mteja ana haki ya kutaka wembe mpya ufunguliwe mbele ya macho yake.

Yako pia mambo ya dini yanayoihusu krimu yenyewe. Krimu za kunyolea hutengenezwa kwa asidi ya mafuta iitwayo steariki, nayo hutoka katika mawese au katika shahamu za wanyama. Ikiwa shahamu hiyo ni ya mnyama asiye halali, wanazuoni wamekhitalifiana: wa madhehebu ya Hanafi wengi huona kwamba kugeuka kwake kuwa sabuni kumeitoharisha, na wa Shafii hawakubali jambo hilo. Mwenye shaka na amwulize sheikh wake, au achague iliyoandikwa kuwa ni ya mimea peke yake. Burashi nayo itazamwe, kwani burashi nyingi za bei nafuu ni za nywele za nguruwe, na mara nyingi huandikwa "boar" au "bristle". Ziko za nailoni zinazofanya kazi ile ile bila ya shaka yoyote.

Kwa wale ambao Mwenyezi Mungu amewajaalia kwenda Hija au Umra, hili ni muhimu zaidi. Hujaji anaponyoa kichwa angali katika ihramu, na mwenye ihramu amekatazwa manukato. Basi krimu ya sandali aiache ndani ya sanduku, anyolewe kwa maji matupu au kwa sabuni isiyo na harufu. Akiisha kutoka katika ihramu yake, manukato yamekuwa halali, Bibi Aisha (r.a.) mwenyewe alimpaka Mtume (s.a.w.) manukato kabla ya kutufu. Na katika akika, mtoto anaponyolewa siku ya saba, maji ya uvuguvugu yatosha. Ngozi ya mtoto mchanga si mahali pa kujaribia krimu za baba yake.

Mwisho, tuseme neno kwa wenye nyumba. Ibn Abbas (r.a.) alikuwa akipenda kujipamba kwa ajili ya mkewe kama alivyopenda mkewe ajipambe kwa ajili yake. Kwa hiyo, ewe bwana, katika kulinganisha harufu hizi pua yako si hakimu wa pekee. Mwulize mama watoto ni ipi impendezayo na ni ipi imwumizayo kichwa, kwani uso ni wako lakini harufu huinusa yeye. Na wewe mwenye duka wa Kharumwa, au wa kokote uliko, mteja akikuuliza kama hii ni sandali ya kweli, mjibu kwa unachokijua: "Hii ni ya mti," au "Hii ni harufu tu, na bei yake ni ya harufu tu." Neno hilo halitakupunguzia riziki. Sura ya Mutaffifina imewaonya wenye kupunja vipimo, na jina la bidhaa nalo ni kipimo. Na anayekuletea mizizi ya msandali ya magendo, umkatalie. Kilima kilichong'olewa miti yake hakirudi kama kilivyokuwa katika umri wa watoto wako.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie usafi wa mwili, usafi wa kauli, na biashara isiyo na hila. Amin.

Wassalaam.